Siri ya Mjane

Nilipokuwa kijana ilikuwa desturi yangu kumsomea bibi yangu usiku. Nyumba yetu ilikuwa Babati, upande wa mlima Kwaraa, na upepo utokao ziwani ulitikisa mwali wa taa hata maneno yakaniruka machoni. Bibi hakujua kusoma. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, kimepotewa na jalada, nami nilikifasiri kwa kadiri ya uwezo wangu. Kilisimulia habari za mkabaila mmoja wa Ulaya aliyejeruhiwa vitani akaletwa katika nyumba ya mjane kijana. Mjane alimwuguza, lakini hakumwambia jina lake la kweli wala sababu ya kuishi kwake peke yake. Jeraha likapona, mapenzi yakazaliwa, na katika kurasa za mwisho siri ikafunuliwa. Mkabaila akasamehe, wakaoana.

Nilifunga kitabu kwa furaha. Bibi alikuwa akichambua maharage katika ungo, wala hakuinua uso.

"Mjukuu wangu," aliuliza, "huyo mjane hakuwa na watoto?"

Nilijibu kwamba kitabu hakikusema.

"Basi siri yake ilikuwa nyepesi."

Neno lile lilikaa nami miaka mingi, mpaka niliposoma habari za Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, ambazo ni karibu nasi zaidi, tena ni za kweli. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni. Alijifunza kuandika kwa kificho, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na elimu hiyo haikukawia kumponza: mwaka 1859 alikuwa mwandishi wa barua za njama ya Barghash dhidi ya ndugu yao Majid, na njama ikashindwa. Baadaye akampenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Katika mapenzi haya ukabaila ulikuwa upande wa mwanamke. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden hali ana mimba. Mtoto alizaliwa huko mwezi wa Desemba, naye akafa angali mchanga mwaka uliofuata. Mei 1867 Salme alibatizwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg.

Mwaka 1870 Heinrich aliangukia chini ya gari la reli la mjini, lililokuwa likivutwa na farasi. Hapa majeruhi hakupona. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, mgeni katika nchi ya baridi, mwenye watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa na miaka miwili tu.

Kitabu cha maisha yake kilichapwa mwaka 1886. Alikianza kwa ajili ya watoto wake, ambao juu ya asili ya mama yao walijua tu ya kuwa ni Mwarabu wa Unguja. Msomaji hupewa humo kila kitu kwa mkono mkunjufu: mapishi, farasi, arusi, sikukuu, matibabu, ugomvi wa masuria. Lakini afikapo kwenye kutoroka, mwandishi huharakisha kama mtu apitaye makaburini usiku. Mimba iliyomkimbiza haitaji. Zamani nilimlaumu kwa hilo. Niliona kwamba aliyekubali kusema hana budi kusema yote. Leo namwona mama aliyekuwa akiwaandikia watoto wake, katika mji ambao jirani hakukosa kuhesabu miezi. Wanahistoria wamekwisha kuijaza nafasi aliyoiacha wazi. Nami pia, msomaji, nimeijaza hapo juu bila ya kusita.

Bibi yangu naye alikuwa mjane. Alifika Babati akiwa na baba yangu mgongoni na sanduku moja la bati, na hakuna aliyepata kujua alitoka wapi. Tulipomwuliza alisema alikuja na mvua. Alipokufa nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kabla ya maziko. Usiku ule, watu wakiota moto nje, mzee mmoja jirani alinivuta kando, akanieleza taratibu: mji aliozaliwa Bibi, mume wake, na sababu ya kuondoka. Alisema ameyahifadhi zaidi ya miaka 40 na hapendi kufa nayo.

Nilirudi ndani nikaketi na kalamu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kurasa za mwisho za kitabu mikononi mwangu. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa amemwona mzee akininong'oneza, na nadhani alikwisha kufahamu. Nilimwuliza kama ataka kusikia.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akanyosha kidole kwenye mstari uliokuwa mtupu.

"Andika: alifika Babati."

Nikaandika hivyo.