NILIRUKA KIFUDIFUDI ULAYA, MDOGO WANGU AKANICHEKA!

Wiki hii naomba tuweke pembeni kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, nikupe kisa cha bembea. Usicheke! Siyo ile ya kamba tuliyokuwa tukifunga kwenye mkwaju kule kwetu Songwa. Hii ni bembea ya chuma, ina reli na mabehewa, na watu wazima na ndevu zao wanapanga foleni saa nzima ili wapande. Wenyewe wanaiita rola kosta. Na katika rola kosta zote kuna aina moja inayogombanisha watu balaa, ile ya kuruka. Unalazwa kifudifudi, uso unatazama chini, reli iko juu ya mgongo wako, halafu unaachiwa kama mwewe aliyeona kifaranga.

Mimi nimeipanda. Na mpaka leo sijui kama niliipenda.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa Manchester kwa masomo ya mwaka mmoja, na pale ninaye binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyehamia huko siku nyingi. Jumamosi moja akanijia mapema. "Kaka, vaa viatu. Leo nakutoa ushamba." Tukaingia kwenye gari, yeye, mimi na rafiki yake mmoja wa Mombasa, jamaa mwenye maneno mengi kama dalali wa Maganzo, tukashika njia ya Staffordshire mpaka Alton Towers.

Basi bwana, pale mahali pana kitu kimoja kilichonifurahisha kabla hata sijapanda chochote. Hawaruhusiwi kujenga mabembea yao yapite juu ya miti, kwa sababu ya majirani. Wakafanyaje? Wakachimba! Kuna moja iliyoitwa Nemesis wakati ule, ya mwaka 1994, wameilipulia mwamba wakatengeneza shimo, reli inapita humo humo kwenye majabali. Mimi mtoto wa Songwa, niliyekulia jirani na shimo la almasi la Mwadui alilolianzisha yule Mkanada Williamson mwaka 1940, nilisimama nikashangaa. Kwetu shimo linachimbwa watu watafute mawe. Huku wamechimba shimo watafute mayowe.

Lakini binamu hakutaka Nemesis kwanza. Alitaka Air. Ndivyo ilivyoitwa tangu ilipofunguliwa mwaka 2002. Mwaka 2016 waliibadilisha jina ikawa Galactica, wakawavalisha watu miwani ya kompyuta ili waone kama wako angani kwenye nyota. Ile miwani baadaye wakaiondoa. Walioitengeneza ni Waswisi, Bolliger na Mabillard, na kwa hao Waswisi hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kuruka. Siyo ya kwanza duniani, maana hapo hapo Manchester, mwaka 1997, palikuwa na nyingine iliyoitwa Skytrak. Kila behewa lilibeba mtu mmoja tu, na haikumaliza hata miaka miwili ikafungwa.

Sasa nikueleze inavyokuwa. Unakaa kwenye kiti kama kawaida, miguu inaning'inia. Unavuta kitu kama fulana nzito, kinakubana kifuani. Vifundo vya miguu navyo vinabanwa. Mpaka hapo unajiona mtoto wa mjini, unampungia mkono mtu usiyemjua. Ghafla kiti kinainuliwa kwa nyuma, miguu inapanda juu, na wewe unabaki unatazama sakafu! Hakuna pa kushika. Uzito wako wote uko kwenye ile fulana. Kiberiti kilinitoka mfukoni kikaanguka chini pale, nikabaki nakitazama tu, siwezi kukifikia.

Mnyororo ukaanza kutuvuta mlimani, tik tik tik tik. Halafu tukaachiwa. Wee acha! Inakwenda kilometa 75 kwa saa, ambayo dereva wa basi la Mwanza ataiita mwendo wa maiti, lakini jaribu mwendo huo ukiwa tumboni, kichwa mbele, matawi ya miti na mawe yanakujia usoni. Inakugeuza ukalala chali ukaona mbingu, inakurudisha kifudifudi, inakuzungusha kama kuku wa kuchomwa. Dakika mbili hazifiki. Tuliporudi kile kiti kikateremshwa, nikakaa wima tena, na nikajikuta nacheka. Nacheka kama mwendawazimu, machozi yananitoka, na magoti hayana habari na mimi.

Ubishi ulianzia kwenye meza ya chipsi. Binamu alisema hakuna raha duniani kama ile, kwamba ndiyo mara pekee mtu anajua ndege anasikia nini. Huwa anafumba macho, ananyoosha mikono, na matatizo ya kazini yote yanabaki chini. Mmombasa akamkatisha. "Ndege gani dada'angu? Ndege huruka kwa hiari yake. Wewe ulikuwa mzigo!" Yeye alitaka Nemesis, mtu akae kitako, aone miguu yake ikipita karibu na mwamba. Kulazwa tumboni ukingoja kituoni, damu inashuka usoni na kifua kinabanwa, alisema hayo ni mambo ya hospitali. Tena Air ni laini mno, akasema, kelele nyingi kwa kitu kidogo. Binamu akajibu kwamba ulaini ndio uzuri wenyewe.

Nilikuja kuona baadaye kwamba ubishi ule ule uko kila zilipo bembea hizi. Kule California iko moja inaitwa Tatsu, ya mwaka 2006, ndefu kwenda juu zaidi ya mita 50. Ina duara inayokupeleka chini kichwa mbele na kukugeuza, hata ukifika sehemu ya chini kabisa umelala chali na mwili wako umekuwa mzito mara kadhaa. Wapo wanaosema hapo ndipo utamu ulipo. Wapo wanaosema walishindwa kuvuta pumzi na hawarudi tena. Wote walikaa viti vile vile.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa bado nawaza kiberiti changu.

Mwaka uliofuata nikarudi nyumbani, na picha. Maana ukipanda wanakupiga picha, unainunua. Niko hewani, mdomo wazi, macho yametoka. Jioni ile Songwa tulikaa uwanjani, michembe kwenye sinia, picha ikapita mkono kwa mkono. Mama aliitazama sana kwa mwanga wa taa.

"Yaani ng'wanawane, wamekulaza tumbo chini, wakakubana miguu kama mbuzi wa mnadani, na hela wakachukua wao?"

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu wa kunifuata. Yeye wakati huo alikuwa akishuka kwenye maduara ya dhahabu upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo. "Kaka," akasema akijifuta machozi, "mimi nikipanda bembea yangu nalipwa. Wewe unalipa!"

Roho iliniuma kidogo, siyo siri. Nikaanza kujitetea kitaalamu. Nikamwambia ile mitambo inakaguliwa kila asubuhi, mafundi wanapita kwenye reli, halafu mabehewa yanazungushwa matupu kabla ya mtu yeyote kupanda. Hapo akaacha kucheka.

"Matupu? Bila mtu?"

"Bila mtu."

Akachukua mchembe mmoja, akautafuna taratibu. "Kwetu wa kwanza asubuhi huwa mimi," akasema.

Wiki ile ile akanichukua nikaone. Tulivuka Busisi kwa kivuko, kwani lile daraja kubwa la Kigongo hadi Busisi halikuwepo, limefunguliwa mwaka 2025. Tulipofika, nilichokiona ni mlango wa shimo usiozidi upana wa meza ya chakula, magogo yamepangwa pembeni, na juu yake winchi ya miti inayozungushwa kwa mikono na vijana wawili. Mwisho wa kamba kuna kijiti. Ndicho kiti. Hakuna fulana ya kubana kifua, hakuna kitu. Mdogo wangu akawasha tochi ya kichwani, akakaa kwenye kile kijiti, akanitazama. "Karibu kaka. Hii haina foleni."

Mpenzi msomaji, nilikataa. Mimi niliyeruka kifudifudi Uingereza na picha ninayo, nilikataa mbele za watu. Nikasimama pale namwangalia anashuka, taa yake ikawa kama sigara, ikawa kama nyota, ikazimika. Wale vijana wakaendelea kuzungusha tu, wanapiga soga za mpira.

Usiku wake tulilala chumba kimoja, ndipo akaniambia ambayo hajawahi kumwambia mama. Kwamba kila siku akikaa kwenye kile kijiti vidole vinakufa ganzi. Kwamba huimba ili wale wa juu wasijue. Nikaona huo ndio mwanya wangu. Nilikwisha mtumia hela mara mbili aache, afungue hata duka la vipuri vya baiskeli. Nikamsihi tena. Akakaa kimya muda mrefu.

"Shida ni jioni," akasema. "Wakikutoa juu, ile hewa ya kwanza. Kaka, hakuna bia inayoifikia. Huwa nacheka peke yangu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikijua kile kicheko. Miaka yote nilidhani nashindana na njaa, kumbe nashindana na kitu nilichokwenda kukipangia foleni mwenyewe.

Halafu ukaja mwaka 2015. Tarehe 2 Juni, pale pale Alton Towers, kwenye bembea nyingine iitwayo Smiler, behewa lenye watu 16 liligonga behewa jingine lililokwama kwenye reli. Vijana wa kike wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Na unajua behewa lililogongwa lilikuwa lipi? Lile tupu la majaribio! Mafundi hawakutambua kuwa limekwama, wakaupita mfumo wa kompyuta uliokuwa umesimamisha mabehewa. Mwaka uliofuata mahakama iliipiga kampuni faini ya pauni milioni 5. Mdogo wangu alisikia redioni, akanipigia. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka. Aliuliza tu, "Wale mabinti wanaendeleaje?" utadhani mimi nimelazwa nao wodi moja.

Oktoba mwaka huo huo ukaporomoka mgodi wa Nyangalata, Kahama. Watu watano walikuja kutolewa hai Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa magome ya miti na wadudu. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Mama hakushangilia. Mdogo wangu hakuwa Nyangalata, alikuwa Geita mzima wa afya, lakini mama alikwishahesabu zile siku moja moja kama za kwake. Akampigia, akamwambia neno moja la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa, akakata simu.

Mwanzoni mwa 2016 mdogo wangu akahamia juu, kwenye winchi. Hela ilipungua, tena sana. Dhahabu hakuiacha, usije ukadhani nilishinda. Ila alianza kitu chake. Kila asubuhi, kabla mtu hajakaa kwenye kijiti, anafunga gunia la mawe lenye uzito kupita mtu, analishusha mpaka chini, analipandisha, anaikagua kamba kwa kiganja pima kwa pima. Wenzake walimbatiza jina wakamwita Mzungu. Walisema anachelewesha watu, mawe hayalipi. Siku hizi, anasema, wapo wawili watatu ambao hawashuki mpaka waone gunia limerudi. Wengine bado wanamcheka. Na yeye mwenyewe anakiri, akiwa ameshiba, kwamba ile hewa ya jioni anaikumbuka.

Juzi binamu kanipigia kutoka Manchester. Ana mpango wa kumwalika mdogo wangu kwa wiki mbili, na cha kwanza atampeleka akaruke kifudifudi, tuone kama atacheka tena. Nikamfikishia salamu. Amekubali, ila anataka afike asubuhi na mapema kabla hawajafungua geti, aone kwanza gunia lao linavyozunguka.