Mwani na Mimea Katika Tangi la Samaki

Kazi ya kutunza matangi ya samaki yaliyopandwa mimea, ambayo mwandishi wa tawasifu hii aliifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yake jijini Dar es Salaam, katika hoteli, kumbi za ofisi na nyumba za watu, ilikuwa hasa kazi ya kudhibiti mwani, yaani viumbe sahili visivyo na mizizi wala majani ya kweli, vinavyoota popote penye maji, mwanga na virutubisho. Wateja wengi walimwita wakitaka dawa ya kuua mwani, naye aliwaeleza kwa subira kwamba dawa huondoa dalili na kuacha chanzo, kwa kuwa mwani hushamiri pale mimea iliyopandwa inapodhoofika.

Chanzo alichokikuta mara nyingi zaidi kilikuwa mwanga. Dar es Salaam, kwa kuwa haiko mbali na ikweta, hupata takriban saa 12 za mchana mwaka mzima, hivyo tangi la lita 60 lililowekwa dirishani, kisha likawashiwa taa hadi usiku, hupokea mwanga mwingi kupita saa 6 hadi 8 ambazo kwa kawaida huitosha mimea yake. Kabla hajagusa maji, alilihamisha tangi mbali na jua na kuiunganisha taa na swichi yenye saa, ambayo huwasha na kuzima umeme kwa wakati uliopangwa. Wala hakuna hatua nyingine iliyogharimu kidogo na kuzaa matunda mengi kama hiyo.

Kuhusu virutubisho, wataalamu wenyewe walitofautiana. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin walieleza kwamba mwani ungeweza kudhibitiwa kwa kuunyima fosfati, yaani chumvi ya fosforasi, huku mimea ikipewa virutubisho vingine. Baadaye Mmarekani Tom Barr aliongeza fosfati kwa makusudi katika matangi yaliyojaa mimea yenye afya, na mwani haukuzuka. Mwandishi aliegemea upande wa Barr, maana alikuwa ameona mimea yenye njaa ikiacha majani yake yaoze na kutoa amonia, ambayo ni zao la uozo lenye sumu kwa samaki, kisha mwani ukayatanda majani hayo kwanza. Hata hivyo hakukubali hoja hiyo ihamishiwe ziwani: katika Ziwa Victoria, ambako fosforasi inayotoka mashambani na mijini imechochea mwani na gugumaji, hakuna mtunzaji wa kupogoa mimea wala wa kubadilisha maji kila wiki.

Umeme ulipokatika kwa saa nyingi, pampu ya chujio ilisimama, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati wakakosa oksijeni, ambayo hata kwa kawaida ni haba katika maji yenye joto la nyuzi 30; kwa hiyo aliwasisitizia wateja wapunguze idadi ya samaki na chakula chao, na wabadilishe theluthi ya maji mara umeme unaporudi, kwa maji ya bomba yaliyokwisha kuondolewa klorini.

Mwani uliosalia kwenye kioo aliukwangua kwa mkono au kuwaachia konokono wa jamii ya neriti, ambao baadhi yao huishi katika milango ya mito ya pwani ya Afrika Mashariki, na ambao, kwa sababu viluwiluwi vyao huhitaji maji ya chumvi ili vikue, hawazaliani wakalijaza tangi la maji baridi.