Ngoma Kwanza, Gitaa Baadaye

Wengi wetu humu shuleni tukitaka kujifunza gitaa huanza na nyuzi. Tunatafuta vidole vikae wapi, ncha zinatuchubuka, na mwishowe wimbo tunaumaliza. Lakini hebu mwombe mtu aucheze! Mara mchezaji atangulie, mara gitaa limwache nyuma.

Mjomba wangu hupiga isukuti kule Idakho, Kakamega. Likizo ya Agosti alinisikiliza mara moja tu, akalitwaa gitaa na kulitundika ukutani.

"Mpwa wangu, arusi ya dada yako ni Desemba. Watu watakuja kucheza, si kutazama vidole vyako."

Akanipa ngoma ndogo. Nilinuna, bwana! Isukuti huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na kila mpigaji hushikilia pigo lake huku akiyasikia ya wenzake. Siku ya kwanza mikono ilinivimba.

Zoezi lenyewe ni hili, nawe waweza kulijaribu sasa hivi kwenye dawati (mwalimu akiwa hayupo). Hesabu moja hadi sita, polepole, urudie bila kusita. Mguu ugonge kwenye moja na nne. Mkono upige kwenye moja, tatu na tano. Mguu umegonga mara mbili, mkono mara tatu, nao wamekutana kwenye moja peke yake. Rahisi? Weee! Mimi ilinichukua siku tisa kabla mguu haujaacha kuufuata mkono.

Wazee waliyajua haya. Sikiliza nyimbo za marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963: nyuma ya gitaa kuna chupa ya soda inayogongwa, ti-ti-ti, haichoki. Katika mtindo wake, omutibo, kidole gumba hushika besi na kile cha shahada huimba juu. Kumbe gumba ni ngoma kubwa na shahada ni ngoma ndogo! Niliporudishiwa gitaa, vidole vile vile vya zamani viliacha kukimbizana.

Desemba niliruhusiwa nyimbo mbili. Katikati ya wimbo wa pili uzi mmoja ukakatika, pwa! Mguu wangu haukusimama. Akina shangazi nao hawakusimama. Sidhani hata waliujua mkasa huo. Mjomba hakusema neno. Siku hizi ile ngoma ndogo anayo mdogo wangu, naye amenuna vilevile.