Pemba Si Pori

Tulikuwa tunapanda vilima vya Mtambile, tumetoka bandarini Mkoani tunaelekea Chake Chake, rafiki yangu mmoja alipochungulia dirishani akasema, "Jamani, huku bado hakujaguswa." Wenzetu wakaitikia. Macho yalikuwa na haki ya kushangaa: mikarafuu imejaa vilimani, minazi na migomba kwenye miteremko, mpunga mabondeni. Lakini kauli ile ilinikera. Nimeisikia mara nyingi kwa watu tunaotoka Dar es Salaam kwenda kupumzika visiwani, na kila nikiisikia naona wenyeji wa mahali hapo hawakuhesabiwa.

Sikubishana naye. Tulikwenda msimu wa karafuu, na msimu ulikuwa na majibu yake.

Dereva alisimama kijijini tununue madafu. Uwanja mzima wa nyumba ya jirani ulikuwa umetandikwa majamvi. Jamvi moja lilikuwa na karafuu mbichi, za kijani zilizoanza wekundu. Jingine zilizokwisha kukauka, rangi ya kahawia iliyokolea. Kina mama na watoto walizunguka lundo wakichambua. Rafiki yangu akatoa kamera, akasogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Karibuni. Lakini hapo jamvini msikanyage, hizo ndizo sare za skuli na bati za nyumba."

Tukakaa ukingoni. Bibi alikuwa akishika kishada kwa mkono mmoja, akikisugua kwenye kiganja cha pili, karafuu zikaanguka upande huu na makonyo upande ule, bila kuangalia. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa utomvu. Hata makonyo hayatupwi. Kuna kiwanda karibu na Chake Chake kinachoyakamua mafuta.

"Bibi, Mungu amewajaalia," rafiki yangu akasema. "Kila kitu kinaota chenyewe."

Bibi hakukasirika. "Alhamdulillahi, mvua atupa Yeye. Lakini mkarafuu hauoti wenyewe, mwanangu. Ule mkubwa aliupanda babu yake marehemu mume wangu. Huu mdogo nimeupanda mimi, kiangazi nikiubebea maji kwa ndoo. Wangoja miaka sita, saba, ndipo uione karafuu ya mwanzo. Na ukiiona, lazima apatikane wa kupanda juu."

Akanyoosha kidole. Juu kabisa, mahali ambapo sisi tulikuwa tukiona majani tu, kijana alisimama kwenye tawi, ametia kamba kwenye tawi jingine analivuta kwake, pakacha linaning'inia ubavuni. Malipo yake ni kwa pishi. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu Pemba kuna nyumba inayouguza aliyeanguka.

"Yule mjukuu wangu," bibi akasema. "Mama yake chakula hakimpiti kooni mpaka ashuke."

Rafiki yangu alishusha kamera. Alitaka kuuliza jambo, lakini wingu lilikuwa limeshafika. Mtu akapiga kelele nyuma ya nyumba, "Mvua! Anueni!" na uwanja mzima ukasimama. Karafuu iliyokaribia kukauka ikirowa huharibika rangi, daraja likashuka, na bei nayo. Hatukungoja kuombwa. Watoto walikunja pembe za majamvi, sisi tukabeba pamoja na kina mama, mbio mpaka barazani. Rafiki yangu alirudi mara ya mwisho akaokota kwa mkono zilizomwagika, moja moja, mvua ikimpiga mgongoni. Hapo kero yangu ilikwisha.

Tulikaa barazani mpaka mvua ikapita, tukazungumza historia ya mashamba yale. Mikarafuu ilienea visiwani katika karne ya 19, zama za Sayyid Said, na walioipanda, wakaipalilia na kuichuma wengi wao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Kwa miaka mingi baadhi ya mikarafuu imekuwa ya Serikali, ikikodishwa msimu hadi msimu, na karafuu huuzwa kwa ZSTC, shirika la Serikali. Vilima vile tulivyodhani ni vya Mungu peke yake vina damu, jasho, hati na madeni.

Siku zilizofuata tuliogelea kisiwani Misali, tukapanda mnara wa taa wa Ras Kigomasha, tukala pweza Wete. Yote mazuri, sina la kuongeza.

Ila msitu wa Ngezi nitautaja, kwa sababu ndiko hoja ilikotimia. Msitu ule ni mabaki ya pori la asili lililowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba. Miti yake mirefu imefungamana, na chini yake ni giza la unyevunyevu lisilofanana kabisa na vilima vya Mtambile. Na pori hilo nalo limebaki kwa sababu linahifadhiwa. Hata popo wa Pemba, mkubwa, mwenye manyoya mekundumekundu, asiyepatikana kwingine duniani, alikaribia kwisha katika miaka ya 1980. Amerudi kwa wingi baada ya wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, kuamua kumlinda.

Ninawaomba wanaopanga safari ya Pemba waende msimu wa karafuu, na wasikimbilie fukweni moja kwa moja. Wasimame vijijini, wasalimie, waulize mti huu wa nani na aliyeupanda nani. Wataambiwa mpaka jina la babu. Kisiwa hiki kimeguswa kila shubiri yake, na anayekisifu kwa uzuri ana wajibu wa kuwasifu pia waliokipanda.