Mwizi Anayekaribishwa Nyumbani

Hapa Kigoma na Ujiji kompyuta ya nyumbani si kitu cha ajabu tena. Mzazi huandika humo hesabu za biashara, mwanafunzi hujisomea, na picha za arusi na za wazee waliokwisha kufariki zimehifadhiwa humo humo. Kwa hiyo mtu akiingia katika kompyuta ya nyumba ni sawa na kuingia chumbani. Nataka kueleza habari za mwizi mmoja ambaye havunji mlango, bali hukaribishwa na wenye nyumba wenyewe.

Mwizi huyo huitwa trojani. Jina lake latokana na hadithi ya kale ya Wayunani. Waliuzingira mji wa Troy kwa miaka kumi wasiweze kuuteka. Ndipo wakaunda farasi mkubwa wa mti, wakaficha askari ndani yake, kisha wakajifanya wanaondoka. Watu wa mji wakamvuta farasi yule hadi ndani. Usiku askari wakatoka, wakawafungulia wenzao malango. Programu ya trojani hufanya vivyo hivyo. Kwa nje ni mchezo au programu ya kuandikia barua, lakini ndani mna kitu kingine. Aina moja hufungua mlango wa nyuma, ili mtu aliye mbali aiendeshe kompyuta kwa siri: asome barua, aone nenosiri linapopigwa, awashe kamera, hata aweke mafaili yake mwenyewe.

Madhara yake si madogo. Mwaka 1999 huko Sweden, picha haramu zilikutwa katika kompyuta ya mwanazuoni wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lund, naye akashtakiwa. Alipoteza kazi na heshima. Mwaka 2004 mahakama ilimwona hana hatia, kwa kuwa picha zile ziliwekwa na mtu mwingine kwa njia ya programu iitwayo NetBus.

Nyumbani kwetu Ujiji tuliyaona mambo haya kwa macho. Mama yangu hufanya biashara ya dagaa, na barua zake kwa wanunuzi wa Dar es Salaam huziandika kwa kompyuta. Siku moja mjomba alituletea katika flashi programu inayouzwa kwa fedha nyingi, akasema hii ni ya bure, kufuli lake limekwisha kuvunjwa. Kompyuta ilitoa onyo. Mjomba akasema ameelekezwa kwamba sharti ulinzi uzimwe kwanza. Ukazimwa.

Kwa majuma mawili kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha bando likaanza kwisha usiku, watu wote wamelala. Ndugu yangu mdogo alikemewa bure kwamba anatazama filamu kwa siri. Baadaye mnunuzi mmoja alipiga simu kuuliza kwa nini mama amebadilisha namba ya kupokelea fedha. Mama hakubadilisha namba yo yote! Kwa bahati njema mnunuzi yule aliuliza kabla ya kutuma.

Tulichomoa modemu mara moja, maana mwizi aliye mbali hawezi kitu bila njia. Mama alibadilisha nenosiri la barua pepe kwa kutumia simu, si kompyuta ile, kwani huko lingeonekana tena. Fundi alinakili hesabu na picha tu, akafuta vyote vilivyobaki, akaweka Windows upya. Alisema mlango ukiisha kufunguliwa huwezi kujua ni nani wengine waliopita.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kwanza, programu ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe. Asiyeweza kununua atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure kwa halali. Programu inayotaka ulinzi uzimwe ni kama mgeni anayetaka taa izimwe ndipo apite.

Pili, tuangalie flashi. Kwa siku moja flashi hutoka steshenari ya Mwanga, ikafika shuleni, ikalala nyumbani. Ichunguzwe kwa antivirusi kabla ya kufunguliwa. Tena kompyuta ionyeshe majina ya mafaili kwa ukamilifu, kwa maana faili liitwalo "matokeo.pdf.exe" si karatasi ya matokeo, ni programu.

Tatu, ulinzi uliomo katika Windows uachwe ukifanya kazi, na masahihisho yapokelewe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye kuitumia yafaa wakumbuke hilo.

Nne, kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Tano, nakala za hesabu na picha ziwekwe katika diski ya nje, nayo ichomolewe kazi ikiisha.

Nchi yetu inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa. Lakini mwizi huyu aweza kuwa ng'ambo, hata jina lake lisijulikane. Ni afadhali kumzuia kuliko kumtafuta.

Nionavyo mimi, shida kubwa si ya mashine, ni ya haya. Aletaye flashi kwa kawaida ni mtu tunayempenda, naye mwenyewe amedanganywa. Ni mtoto gani atakayemwambia mjomba wake kwamba flashi yake haiingii? Hapo ndipo wazazi wanapohitajiwa. Sisi wanafunzi tunaweza kuwa na maarifa, lakini amri ya nyumba ni yao. Kwetu mama amekwisha kuitoa: kila flashi ichunguzwe kwanza, hata ya kaka yake. Mjomba alicheka, akaitoa mfukoni, akatukabidhi.