Kope la Mama Mdogo

Hapa Uingereza kazi yangu ni kuwatoa wagonjwa damu. Akija aliyeandikiwa kipimo cha miastenia gravisi, ugonjwa wa kulegea misuli, najaza kichupa, nabandika jina, natia kwenye sanduku la maabara. Mgonjwa anakwenda zake. Halipi hata senti, wala haulizi damu yake inasafiri kwenda wapi. Mara nyingine huenda hadi Oxford, ambako Profesa Angela Vincent na wenzake walitangaza mwaka 2001 kingamwili nyingine ya ugonjwa huu, iitwayo anti-MuSK.

Mwaka jana kope la Mama Mdogo, kule Tanga, lilianza kulegea. Asubuhi mzima, ikifika magharibi jicho limefunikwa nusu, taa moja anaziona mbili. Duka la dawa wakampa matone. Binamu yangu akanitumia picha mbili, ya asubuhi na ya jioni. Nilipoziona nilishindwa kulala.

Nikawahimiza wampeleke hospitali. Daktari, kijana tu, aliagiza barafu. Akaifunga kwenye kitambaa, akamwekea juu ya kope kwa dakika mbili. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi! Kisha akamchoma sindano ya neostigmini, dawa inayokaa chumba cha upasuaji, na sauti yake, iliyokuwa imeanza kutokea puani, ikanyooka.

Kipimo cha damu ndicho kilichotutesa. Maabara ya Dar es Salaam ilitaka pesa kwanza, maana damu ilibidi ipelekwe nje ya nchi. Ukoo mzima tulichanga, wiki tatu zikapita. Majibu yakaja: kingamwili zimo. Askari wa mwili wake mwenyewe wanaziba pale neva inapoupa msuli amri.

Kipimo hiki hakimnasi kila mtu. Ugonjwa ukienea mwilini, huwanasa kama 85 kati ya 100. Ukikaa machoni tu, karibu nusu. Ndiyo maana namheshimu sana daktari yule na barafu yake. Lakini barafu haiwezi kutofautisha aina ya MuSK, ambayo mara nyingi haisikii vidonge vya kawaida. Kichupa kile kinahitajika nyumbani, na kisiwe mzigo wa ukoo kuchangishana.

Nawe, ukiona kope la mzazi wako linalegea jioni na kunyanyuka asubuhi, piga picha zote mbili umwonyeshe daktari. Akianza kupaliwa au kuhema kwa shida, usingoje majibu ya damu. Mkimbize hospitali usiku huohuo.