Nyasi bandia juu ya udongo mweusi

Leo naweka kodi kando kidogo. Mapema 2024 nilitandika nyasi bandia uani, hapa Syokimau, moja kwa moja juu ya udongo mweusi. Mvua za Aprili zikaja, ua ukawa bwawa, mwanangu akateleza akategua mguu. Nikazitoboa nyasi matundu zaidi. Bure! Nilikuwa narekebisha skrini, hitilafu iko kwenye seva: udongo huu ukilowa hufura, maji hayapiti.

Fundi alichimba sentimita 20, akatandaza kitambaa cha kuchujia, bomba lenye matundu hadi mtaroni, kisha kokoto za kushindilia, mteremko sentimita 1 kila mita. Gharama ilizidi ya nyasi zenyewe. Juzi ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mtoto alicheza pale na soksi, zikabaki kavu.